Kompyuta Inaganda na Kujizima Baada ya Kuongezewa RAM: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa

Mashine za mezani zinazochapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari za Tabora mara nyingi ni Dell OptiPlex, HP au Lenovo zilizotumika, na nyingi zina RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 4 tu. Kiasi hicho hakitoshi tena. Windows 10 ikishawaka, ukafungua Chrome na Word kwa pamoja, mashine inaanza kujikokota. Mwenye duka anatafuta kipande kingine cha GB 4, fundi anakichomeka, mashine inasoma GB 8, kazi inaenda. Siku ya pili kioo kinageuka bluu mteja akiwa amesimama kaunta, au mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, au inaganda mpaka ushikilie batani ya kuwashia.

Hapo wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Ni kazi bure, tena inaweza kuongeza uharibifu. Kila faili la Windows mpya linapita ndani ya RAM hiyohiyo likielekea kwenye diski. RAM ikikosea, mfumo unaandikwa ukiwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Malizana na RAM kwanza, Windows baadaye.

Kabla ya kufungua chochote

Mashine ikishaonyesha dalili, usiendelee kuifanyia kazi. Hati inayohifadhiwa wakati RAM inakosea inaweza kuandikwa ikiwa mbovu bila onyo lolote, ukaja kugundua wiki mbili baadaye kwamba haifunguki. Zima, chomoa kipande kipya kwa tahadhari zilizo kwenye sehemu ya "Kufungua, kusafisha na kuchomeka" hapo chini, acha cha zamani peke yake kama kilivyokuwa, washa, kisha nakili kazi za wateja kwenye flashi au diski ya nje. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wake wa kufunga diski), tafuta kabisa ile namba ya kurejeshea yenye tarakimu 48 na uiandike pembeni. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows) bila kuwa nayo, unaweza kujifungia nje ya diski yako.

Ingia kwenye BIOS, upige picha za kurasa zake kwa simu. Dell nyingi huingia kwa F2, HP kwa F10, Lenovo nyingi za ofisini kwa F1. Ukurasa usiopaswa kukosa ni ule wa SATA, unaoeleza namna diski inavyosomwa, wenye maneno AHCI au RAID. Sababu yake utaiona mbele.

Dalili zinasema nini

Kosa la RAM linajulikana kwa kutokuwa na mpangilio. Leo Chrome inafunga kurasa, kesho Word inapotea, keshokutwa programu inakataa kuingizwa ikidai faili ni bovu, na ukijaribu tena inakubali. Kioo cha bluu nacho hubadilisha jina: mara MEMORY_MANAGEMENT, mara PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Jina likiwa moja kila siku, tena likitaja faili lilelile linaloishia na .sys, shuku dreva (programu inayoendesha kifaa) kabla ya RAM. Faili la zip lililokataa kufunguka asubuhi likafunguka mchana bila kuguswa ni ushahidi mzito kuliko kioo cha bluu chenyewe.

Mashine isiyowaka kabisa, inayolia tu au kumulika taa, ina kesi nyepesi zaidi: imekikataa kipande. HP nyingi za miaka ya karibuni hulia mara 3 kwa kirefu na mara 2 kwa kifupi, taa ikimulika nyekundu 3 na nyeupe 2, na huko ni kulalamikia RAM. Mitindo ya milio hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo tafuta orodha ya modeli yako, usikisie kwa mazoea ya mashine nyingine.

Kuna hoja moja inayosikika sana mezani kwa mafundi: RAM mpya imeilemea pawasaplai. Kipande kimoja cha RAM hula wati chache tu, kwa kawaida chini ya 5. Pawasaplai inayoangushwa na wati 5 ilikuwa imekwisha siku nyingi. Ila mashine inayozimika ghafla bila kioo cha bluu, hasa saa nane mchana ya mwezi Oktoba, iangalie feni na vumbi la hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) kabla ya kugusa RAM.

Soma stika

Hapa ndipo matatizo mengi yanapomalizika bila kupima chochote. Chomoa vipande vyote viwili, viweke kando kwa kando, usome. Chukulia stika imeandikwa hivi:

4GB 1Rx8 PC3L-12800U-11

PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Hizi haziwezi kukaa pamoja, kwa sababu pengo la katikati ya meno liko mahali tofauti na idadi ya meno ni tofauti: kwa kompyuta za mezani DDR3 ina 240, DDR4 ina 288. Kipande kikigoma kuingia, usikilazimishe. Kinachovunjika ni sloti.

Herufi L maana yake ni umeme mdogo. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L volti 1.35, DDR4 volti 1.2. DDR3L huvumilia volti 1.5, kwa hiyo inaweza kuingia kwenye kompyuta ya zamani ya DDR3. Kinyume chake hakikubaliki: laptopu nyingi za Intel kizazi cha 4 zinatoa 1.35 tu, na ukichomeka kipande kisicho na L haitawaka, au itawaka na kuanguka ovyo. Kwa laptopu hili ndilo kosa namba moja, na ni rahisi kulifanya kwa sababu vipande hivyo viwili vinaingia sloti moja bila ubishi.

Namba 12800 ni kasi. Igawe kwa 8 upate 1600. Hivyo 10600 ni 1333, na 19200 ni 2400. DDR4 nyingi huandika kasi moja kwa moja, kama 2400T au 2666V. Tofauti ya kasi peke yake huogopwa kuliko inavyostahili. Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) husoma chipu ndogo iliyo kwenye kila kipande, inayoitwa SPD, kisha huendesha vyote kwa mwendo wa kile cha polepole. Ukichanganya 1600 na 1333, vyote vinakwenda 1333 na kwa kawaida kazi inaendelea. Ugomvi huja pale mpangilio wa XMP (wa kuongeza kasi ya RAM) ukiwa umewashwa, BIOS ikaving'ang'aniza vyote kasi ambayo kimoja hakiiwezi.

Herufi baada ya kasi, hapa U, inaeleza aina ya kipande. U ni cha kompyuta ya mezani, S ni cha laptopu, E ni cha ECC (chenye uwezo wa kurekebisha makosa), R ni cha seva. Vipande vya R huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu seva zilizostaafishwa ni nyingi, lakini kompyuta ya kawaida ya ofisi haiwezi kuvitumia. Stika ikiwa imebanduliwa, hesabu chipu kubwa nyeusi: 8 au 16 ni za kawaida, 9 au 18 ni ECC.

Iliyobaki ni 1Rx8, nayo ndiyo inayosumbua mashine za zamani. Kipande cha GB 4 kinaweza kuwa na chipu 16 ndogo, yaani 2Rx8, au chipu 8 zenye ujazo mara mbili, yaani 1Rx8. Mashine za Core 2 zenye DDR3 na zile za Core i kizazi cha 1 hazizijui chipu hizo kubwa. Zitakataa kuwaka, zitasoma nusu, au zitawaka na kuyumba. Mashine hizo zitafutie GB 4 ya 2Rx8 yenye chipu 16. Pia kuna vipande vya bei rahisi vilivyotengenezwa kwa ajili ya AMD tu. Ukivipeleka kwenye Intel utapata visa vilevile, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaoviokoa.

Baada ya stika, angalia ukomo wa mazabodi yenyewe kwa modeli kamili. Na ukiona Windows ya bit 32, jua haivuki GB 4 hata uchomeke ngapi. Hilo ni suala la Windows, RAM haina lawama.

Kufungua, kusafisha na kuchomeka

Zima kwa kushika Shift huku ukibonyeza Shut down. Windows 10 na 11 zina mtindo wa kulala nusu zinapozimwa, na usingizi huo una kumbukumbu ya mashine ilivyokuwa kabla hujabadilisha kitu. Chomoa waya wa umeme, kisha shikilia batani ya kuwashia sekunde 15. Kwa laptopu, toa betri. Kama ni ya ndani, fungua kifuniko na uchomoe waya wake kabla ya kugusa RAM. ThinkPad nyingi zina sehemu ya kuizima ndani ya BIOS.

Kiangazi cha Tabora ni kikavu, na hewa kavu hulea umeme tuli. Unaweza usisikie mshtuko wowote huku chipu ikiwa imekwisha umia. Usifanye kazi hii juu ya zulia au umevaa sweta la nailoni. Gusa chuma kisichopakwa rangi cha kava la kompyuta kabla ya kushika kipande na kila unapokirudia, na ukishike kwenye kingo. Usikitembeze mjini ndani ya mfuko wa plastiki wa kawaida. Kirudishe kwenye mfuko wake wa kijivu unaong'aa.

Vumbi ndiyo nusu ya kesi. Kipande cha zamani kilichokaa miaka mitano kikasogezwa kidogo wakati jirani yake anachomekwa huanza kugusa vibaya, na lawama anapewa mgeni. Pulizia sloti kwa blowa au brashi laini kavu, usitumie mdomo, maana unarusha mate. Futa meno kwa kitambaa laini chenye isopropili alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, acha dakika 5 yakauke. Ikikosekana, raba nyeupe ya penseli inafaa, ukiisugua taratibu kufuata urefu wa jino na kufagia unga wote. Petroli, mafuta ya taa na perfyumu viache vilipo.

Kwenye kompyuta ya mezani kipande huingia wima na kubanwa pande zote mpaka vibanio viite "tak". Kwenye laptopu huingia kikiwa kimeinama kama nyuzi 30, kinasukumwa mpaka meno yakaribie kupotea, ndipo kinalazwa. Ukiona dhahabu nyingi upande mmoja kuliko mwingine, hakijaingia. Sloti za kutumia kwanza zinatofautiana. Dell nyingi zinataka zile zenye vibanio vyeupe, mazabodi nyingi za dukani zenye sloti 4 zinataka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mchoro huwa ndani ya kifuniko au kwenye kijitabu cha modeli.

Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kubadilisha, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa muda, hasa DDR4 na DDR5, kwa kuwa mazabodi inajipima upya. Subiri dakika 3 kabla ya kuihukumu.

Kupima

Windows ina kipimo chake. Bonyeza Windows na R, andika mdsched.exe, ukubali kuwasha upya. Kikianza, bonyeza F1, chagua Extended, kisha F10. Majibu yasipojitokeza baada ya kuwaka, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute MemoryDiagnostics-Results. Kipimo hiki kikisema kuna kosa, amini. Kikisema hakuna, usiamini sana, kwani huruka makosa ambayo kipimo kikali hukamata.

Kipimo kikali ni Memtest86+, programu ya bure. Ipakue kutoka memtest.org, iandike kwenye flashi kwa Rufus ukijua kwamba vilivyomo kwenye flashi vitafutika, kisha washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, uchague flashi. Ikikataliwa, zima Secure Boot (ulinzi unaozuia programu isiyotambulika kuiwasha mashine) kwenye BIOS kwa muda. Mzunguko mmoja wa GB 8 kwenye mashine ya DDR3 unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo ni kazi ya kuachia usiku, na uwe na UPS, maana umeme ukikatika unaanza moja. Unatafuta mizunguko 4 bila mstari mwekundu hata mmoja. Kosa moja ni kosa. Hakuna RAM inayokubalika kwa makosa machache.

Pima kwa mpangilio huu, ukiandika matokeo kwenye karatasi:

1. Kipande cha zamani peke yake, sloti ya kwanza.
2. Kipande kipya peke yake, sloti hiyohiyo.
3. Kipande kilichofaulu, sloti ya pili.
4. Vyote viwili pamoja.
5. Vyote viwili, vikibadilishana sloti.

Kipya kikianguka peke yake kwenye sloti ambayo cha zamani kilifaulu, ni kibovu au hakiendani na mashine. Ili kujua ni kipi kati ya hayo, kipime kwenye mashine nyingine ya aina tofauti. Cha zamani kikianguka, basi huenda ugonjwa ulikuwepo kabla, ila ulikuwa haujajitokeza wazi. Kipande kizuri kikianguka sloti ya pili tu, safisha sloti tena. Ikiendelea, legeza hitisinki na uifunge upya kwa kukaza skrubu kwa msalaba, kwani mgandamizo usio sawa juu ya prosesa, au pini iliyopinda chini yake, huua chaneli nzima ya RAM, yaani njia ambayo prosesa hutumia kuifikia. Hilo hupotosha hata mafundi wazoefu.

Matokeo yanayochanganya zaidi ni haya: kila kimoja kinafaulu peke yake, vikikaa pamoja vinaanguka. Hakuna kibovu. Tofauti zao za mpangilio wa ndani, au mzigo wa chipu nyingi kwenye chaneli moja, zimezidi uwezo wa mazabodi ile. Mtu aliyepima kimoja kimoja tu atakurudishia mashine akisema RAM ni nzima, na kwa kweli hajadanganya.

Vinapofaulu kimoja kimoja na kuanguka pamoja

Anza na BIOS. Zima XMP. Angalia kama kuna toleo jipya la BIOS kwa modeli yako, kwa sababu mengine yaliongeza uwezo wa kusoma RAM, lakini usilipige mashine ikiwa na vipande vinavyogombana: acha kile kizuri peke yake, na umeme uwe wa uhakika.

Kisha futa kumbukumbu ya BIOS, maana inaweza kuwa bado imeshikilia mpangilio wa kipande cha zamani. Chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika 10, irudishe. Betri iliyoshuka chini ya volti 2.8 badilisha kabisa. Ukiwasha, rekebisha tarehe, na hapa ndipo picha zako zinakuwa na kazi: mashine nyingine hurudi kwenye RAID ilhali Windows ilipigwa kwa AHCI, na matokeo yake ni kioo cha bluu cha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Fundi asiyejua hilo atadhani diski imekufa. Rudisha ilivyokuwa kwenye picha.

Mazabodi zinazoruhusu, shusha kasi hatua moja, kutoka 1600 hadi 1333 au 2666 hadi 2400, na uweke Command Rate kuwa 2T. Volti unaweza kuongeza kidogo, 1.5 iwe 1.55 kwa DDR3, usivuke hapo. Dell na HP nyingi za ofisini hazina mipangilio hii, na hata zingekuwa nayo, mashine ya biashara haifai kuishi kwa kubembelezwa. Ikishindikana kwa kufuta BIOS, badilisha kipande.

Kabla hujabadilisha, soma jinsi vipande vinavyojitambulisha vyenyewe. Fungua PowerShell, andika:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Manufacturer, PartNumber, Speed, ConfiguredClockSpeed

CPU-Z nayo huonyesha hayo kwenye ukurasa wa SPD. Usishtuke ukurasa wa Memory ukisema 800 kwa RAM ya 1600. Huo ni mwendo halisi, na data hupita mara mbili kwa kila pigo. PartNumber isipofanana na stika, stika hiyo imebandikwa baadaye, na una haki ya kurudishiwa fedha.

Kuiponya Windows

RAM ikishafaulu usiku mzima, ndipo uangalie uharibifu uliobaki. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uendeshe amri hizi moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
chkdsk C: /f

Ya kwanza inahitaji intaneti. Ya tatu itaomba kufanya kazi mashine ikiwaka tena, ikubalie kwa kubonyeza Y. Sfc ikisema imeshindwa kurekebisha baadhi ya mafaili hata ukirudia, sasa ndiyo piga Windows upya. Na kama mashine inaonyesha RAM pungufu bila sababu, andika msconfig, ingia Boot, kisha Advanced options, uondoe alama kwenye Maximum memory. Kuna video nyingi mtandaoni zinazowafundisha watu kuiweka alama hiyo, nayo haiongezi chochote.

Kuagiza kipande kingine

Kipande kisipopatikana mjini, kitakuja na basi kutoka Kariakoo, na kukirudisha ni nauli na siku nyingine. Usiagize kwa maneno "RAM ya GB 4 DDR3". Tuma picha ya stika ya kipande ulichonacho, yenye 1Rx8 au 2Rx8 na herufi zote, pamoja na modeli kamili ya mashine iliyoandikwa chini au nyuma yake. Omba picha ya kipande chenyewe kitakachotumwa, siyo picha ya mtandaoni, na mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi kwamba kikianguka kwenye Memtest86+ kinabadilishwa.

Bei ikiruhusu, nunua jozi ya vipande viwili vyenye PartNumber moja, ukiuze cha zamani. Kwa mashine inayokaa siku nzima ikiingiza hela, jozi huwa nafuu kuliko kipande kimoja cha kubahatisha. Laptopu ambayo RAM yake moja imechomelewa kwenye mazabodi haina nafasi hiyo, kwa hiyo kipande cha kuongeza kifuate kile cha ndani kwa volti na kasi, ukisome kwa CPU-Z kabla ya kulipa. Kipya kikifika, pitisha Memtest86+ siku hiyohiyo, piga picha ya kioo cha matokeo, kabla muda wa kurudisha haujaisha.